Mshiriki wa Nne

Chumba kina kamera moja, bilauri ya maji,
boksi la tishu ambalo hakuna aliyeliomba.
Nje, Dundee inanyeshewa kama kawaida yake,
manyunyu ya kichinichini, hayana radi wala haraka.

Namwambia maneno niliyoyakariri:
"Bi Isobel, leo hatukupimi wewe, tunalipima duka.
Sema lolote linalokupitia kichwani.
Ukikwama sitakusaidia. Niwie radhi mapema."
Anacheka. "Kama kwa daktari wa meno."

Kazi ya kwanza: nunua birika.
Pauni arobaini, si zako, za kuigiza.

Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya skafu, anaivaa.
Mkono uliosokota nyuzi za magunia
miaka kumi na tisa kiwandani
unakishika kipanya kama yai.
Kishale kinatetema juu ya taulo, juu ya mapazia,
juu ya mwanamke anayekichekea kikaango.
"Huyu anacheka nini?"
Naandika: *anacheka nini.* Dakika ya pili.

Anaandika neno la kwao, la jikoni kwa mama yake.
Duka linajibu: hakuna kilichopatikana.
"Mabirika yamekwisha?" Ananiuliza mimi.
Kwetu husema kuuliza si ujinga,
lakini mie nimeajiriwa nisijibu,
nalipwa kwa saa kuumeza ulimi.
"Wewe ungetarajia nini?" namwambia,
swali juu ya swali,
mwenye kiu nampa kikombe kitupu.

Dakika ya sita kalipata. Jeusi, la lita moja na nusu.
Sasa kikapu.
Kikapu kiko juu, kulia, pembeni kabisa,
kijialama kisicho na jina wala mikono ya kushikia,
kazi ya mtu ambaye hajawahi kubeba viazi.
Kishale kinakipita. Kinarudi. Kinakipita.
Nyuma ya kioo, najua, Fraser na wenzake
wamesimama kama watu wanaongoja penalti.

"Samahani," anasema. "Mimi mjinga wa mambo haya."

Kalamu yangu ikasimama.
Ilikuwako fomu moja, mwaka wangu wa kwanza hapa,
ikitaka jina la ukoo, nami nina la baba na la babu.
Ikawa nyekundu. Nikajaza tena, ikawa nyekundu,
saa nne usiku, koti mwilini ndani ya nyumba
kwa kuionea hita uchungu,
nikajiambia yaleyale: mjinga, Tunu. Mjinga we.
Kumbe fundi aliutia mlango kitasa kinyume
akaenda zake kunywa chai.

Sikusema neno. Sheria ni sheria.
Nikaisogeza tu bilauri ya maji,
kidogo, upande wa kulia.
Akaitazama bilauri. Akaitazama skrini, upande uleule.
"Aa," akasema. "Kumbe ndiye huyu mshenzi."

Kwenye ripoti niliandika: *alifaulu, dakika ya kumi na moja.*
Nikafuta. *Alifaulu kwa msaada.*
Nikafuta hilo pia, Fraser angeuliza msaada gani.
Nikaandika: *duka halikufaulu,*
na kwa mara ya kwanza wiki ile
sentensi ikakaa kitako.

Nikampa bahasha ya vocha, akatia sahihi,
akajifunga skafu mizunguko miwili.
Mlangoni akageuka.
"Na birika litafika lini?"

"Halifiki, Bi Isobel. Lilikuwa la kuigiza."

Akanitazama kwa muda, bila hasira,
kama mtu anayepima kitambaa.
"Hata baada ya kazi yote ile?"

Mshiriki wa tano alikuwa ameshafika,
yuko ukumbini, anakung'uta mwavuli.